Kampuni ya Sola Inayoyumba Inapotaka Kuvuka Mpaka: Mwongozo Kamili

Aprili 2019 Mobisol, kampuni ya Berlin iliyokuwa imefunga sola kwenye nyumba nyingi za Tanzania, Rwanda na Kenya, ilikimbilia mahakamani Ujerumani kwa sababu haikuweza tena kulipa madeni yake. Mwaka huohuo ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Haikukosa wateja wala mafundi. Mteja alikuwa analipa mdogo mdogo kwa miaka mitatu, ilhali kiwanda cha paneli na betri kinataka fedha yake mzigo haujaondoka bandarini. Pengo hilo ndilo lililoimaliza.

Naanza na Mobisol kwa sababu wamiliki wengi wa kampuni za sola hunipigia simu mambo yakishakuwa magumu nyumbani, na wote wana wazo moja: tuvuke mpaka, Zambia, Kongo, Malawi, Tanzania kwa aliye Kenya, Uganda kwa aliye Rwanda. Si wazo baya. Lakini kuvuka mpaka kunarefusha safari ya fedha kutoka mkononi mwa mteja hadi kwenye akaunti yako. Kama nyumbani safari hiyo imekushinda, ugenini itakushinda mapema zaidi. Hatua zote zilizo hapa chini zinahusu kuifupisha.

Hatua ya 1: Jua unapovuja

Hatua hii ndiyo wengi huiruka, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kaa na mhasibu wako siku mbili. Chukua wateja wote wa mkopo walionunua Januari mwaka jana, uwaweke kundi moja. Hadi leo walipaswa kuwa wamelipa kiasi gani? Kimeingia kiasi gani? Fanya hivyo kwa Februari, Machi, hadi mwezi uliopita. Kisha linganisha makundi yakiwa na umri uleule: kundi la Januari lilipofika mwezi wa sita lilikuwa limelipa asilimia ngapi, na kundi la Agosti lilipofika mwezi wa sita je?

Kama makundi mapya yanalipa vibaya kuliko ya zamani, ugonjwa uko kwenye mauzo. Mawakala wako wanamwandikisha yeyote anayepita, maana kamisheni yao inatoka siku mtambo unapofungwa. Kama makundi yote yalishuka mwezi mmoja, kuna kitu kilitokea nje yako. Julai 2021, tozo za miamala ya simu zilipoanza Tanzania, kila aliyekuwa anakusanya malipo madogo madogo kwa simu alipata cha kujieleza kwa wateja wake. Na kama malipo yanapanda na kushuka kwa majira, huenda unamdai mkulima wa korosho kila wiki wakati fedha yake inaonekana mwisho wa mwaka, minada ikifunguliwa. Huyo si mdaiwa sugu. Ratiba uliyompa ndiyo mbovu.

Halafu kuna kushuka kwa kata moja au kijiji kimoja. Niliwahi kutumwa na kampuni moja kufuatilia kata ya namna hiyo. Wateja karibu wote walikuwa wameacha kulipa ndani ya wiki tano. Mama mmoja alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaninyooshea kidole barabarani ambako nguzo mpya za REA, wakala wa serikali wa umeme vijijini, zilikuwa bado zinanuka dawa. "Mwanangu, REA wameshafika. Kuunganishwa ni elfu ishirini na saba. Nyinyi nimebakiza laki nne. Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Sikuwa na jibu. Vijiji vya Tanzania ni zaidi ya 12,000 na karibu vyote vimefikiwa na umeme wa gridi. Aliyejenga biashara yote juu ya taa tatu na redio amelazimika kutafuta kingine cha kuuza.

Ukimaliza, andika kwenye karatasi sentensi moja: tunayumba kwa sababu gani. Ikiwa ni makusanyo, usivuke bado. Mimi hutumia kipimo hiki: katika kila shilingi 100 zinazodaiwa mwezi huu, zikiingia chini ya 70, rekebisha nyumbani kwanza. Ikiwa ni soko limejaa, gridi imefika, au ushindani umeshusha bei, endelea kusoma.

Hatua ya 2: Chagua kitu kimoja cha kubeba

Kampuni inayoyumba huwa na bidhaa nyingi: taa za mkono, mitambo ya nyumbani, pampu za umwagiliaji, majokofu, paneli za juu ya paa za viwanda. Ugenini beba moja tu, ile ambayo mwaka uliopita ilileta faida baada ya kutoa usafiri, waranti na madeni mabaya. Si ile inayouzika kwa wingi. Mara nyingi hizi ni mbili tofauti.

Kwa maoni yangu, kampuni isiyo na mtaji mkubwa isianze ugenini na mkopo wa nyumba kwa nyumba. Ianze na wanaolipa taslimu au kwa awamu chache: mashine za kusaga, zahanati za binafsi, shule za bweni, nyumba za wageni, vituo vya mafuta, wauza samaki wenye majokofu. Hao umeme ukikatika wanapoteza fedha siku hiyohiyo, na wanajua ni kiasi gani. Fungu la kwanza wanalipa kabla fundi hajapanda juu ya paa.

Hatua ya 3: Chunguza njaa ya soko inatoka wapi

Afrika Kusini mwaka 2023 ilikatiwa umeme kuliko wakati wowote, na paneli na betri zikanunuliwa kama mkate. Waagizaji wakajaza maghala. Mwishoni mwa Machi 2024 Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, ikasitisha mgao, miezi ikapita bila kukatika, huku bei ya paneli kutoka China ikiendelea kuporomoka duniani. Aliyenunua ghali akabaki na shehena aliyolazimika kuuza kwa hasara.

Zambia ilipata zamu yake mwaka 2024. Ukame uliupunguzia maji mto Zambezi, maji ya bwawa la umeme la Kariba yakashuka, na kuna wakati nyumba za Lusaka zilipata umeme saa chache tu kwa siku. Aliye Mbeya aliona soko hilo mlangoni, maana Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliokatwa na mstari, na Kiswahili kinatosha kufanya biashara pande zote mbili. Swali la kujiuliza kwa soko la namna hii: mvua zikirudi, nani bado atanunua? Jibu likiwa "wenye nyumba waliokuwa wanachoka na giza", ingia kwa mzigo mdogo na utoke haraka. Likiwa "wakulima walio mbali na gridi na migodi midogo inayotumia jenereta", unaweza kupanga kukaa.

Kwa hiyo chagua wilaya, usichague nchi. Iwe karibu na mpaka kiasi kwamba fundi wako akitoka asubuhi anafika kabla ya jioni. Kisha nenda mwenyewe, ukae angalau wiki mbili. Lala nyumba ya wageni ya kawaida uone saa ngapi jenereta linawashwa. Uliza bei ya lita ya dizeli kwenye dumu, si kwenye pampu. Hesabu paa zenye paneli, na kwa kila tano ulizia moja: ulinunua kwa nani, ilikufa lini, ulimpigia nani ilipokufa.

Nenda pia na maltimita, kile kipimo kidogo cha umeme cha mkononi. Ingia kwenye duka la vifaa, nunua paneli moja iliyoandikwa wati 100 ya volti 12, itoe nje saa sita mchana jua likiwa wazi, pima ampea za shoti, yaani waya chanya na hasi wa paneli vikiunganishwa kupitia maltimita peke yake. Paneli ya kweli itakupa karibu ampea 6. Ukisoma 3, hiyo ni ya wati 50 iliyobandikwa karatasi ya uongo. Hata kwa macho utaigundua: kwa teknolojia ya kawaida ya leo wati 100 huhitaji takribani nusu mita ya mraba, kwa hiyo paneli ndogo kama sinia haiwezi kuwa na wati 100 hata ikiandikwa kwa dhahabu. Nimeona miji ambayo soko zima ni la paneli za namna hii. Huko watu hawatakuwa tayari kulipa bei ya kitu halisi mpaka uwapimie mbele ya macho yao. Ukiwapimia, utakuwa na wateja kabla hujafungua ofisi.

Hatua ya 4: Sheria, na mwenzako wa kule

Usiingie kwa kuamini kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshafungua kila mlango. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za jumla na rejareja kwa sehemu kubwa, uwakala wa fedha kwa simu, na ufundi wa simu na vifaa vya elektroniki. Mkenya aliyepanga kufungua duka la sola Namanga upande wa Tanzania kwa jina lake alijikuta nje ya sheria siku hiyo. Machi mwaka huohuo zilitoka kanuni zinazokataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mikataba ya dola iliyokuwa kawaida kwa mitambo mikubwa ikabidi iandikwe upya.

Kenya nayo ina kanuni zake tangu 2012: fundi wa sola lazima awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya huko, kwa daraja la kazi anayofanya, na muuzaji vilevile. Kongo ilivunja ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la serikali, kwa sheria ya umeme ya Juni 2014, na hapo ndipo kampuni binafsi kama Nuru zilipopata nafasi. Lakini jipange kwa lugha. Mteja wa Lubumbashi au Bukavu atapatana nawe bei kwa Kiswahili, mtacheka, mtakunywa chai, ila mkataba na barua za kodi vitakuwa vya Kifaransa, chini ya OHADA, sheria za biashara zinazotumiwa kwa pamoja na nchi kadhaa za Afrika. Mlipe mwanasheria wa huko. Usimtumie mpwa wako aliyesoma Kifaransa sekondari.

Njia salama kwa kampuni isiyo na nguvu ni kuwa na mwenza wa huko mwenye duka, leseni na jina zuri mjini, wewe ukaleta mzigo, ujuzi wa kufunga na waranti. Andikeni mambo matatu waziwazi: mteja anamlipa nani, mzigo ni mali ya nani mpaka ulipwe, na nani anabeba gharama ya inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa matumizi ya kawaida) iliyoungua miezi minane baada ya kufungwa. Hilo la tatu limevunja urafiki mwingi kuliko wizi.

Hatua ya 5: Mzigo

Paneli zako karibu hakika zimetoka China. Hivyo cheti cha asili cha Afrika Mashariki au SADC hakitakusaidia. Unafuu hutoka kwenye misamaha ya kodi ya vifaa vya sola, nayo hubadilika kila bajeti. Kenya ilirudisha VAT kwenye vifaa vya sola mwaka 2020, ikaiondoa tena 2021. Kila Juni isome bajeti ya nchi unayouza, si ya kwenu tu. Na mara nyingi msamaha hugusa paneli na betri za sola lakini huziacha nyaya, fremu na feni zinazosafiri nazo, kwa hiyo orodhesha kila kitu kwa namba yake ya forodha kabla ya kuagiza.

Usiingize mzigo Mombasa kwa jina lako la Kenya, ukakaa ghalani, ndipo uupeleke Kampala. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, mzigo wa Uganda hutathminiwa na kulipiwa kodi za Uganda ukiwa bado bandarini. Agiza moja kwa moja kwa jina la mpokeaji wa mwisho. Kwa Zambia na Kongo kupitia Dar es Salaam, mzigo huenda kama wa kupita tu, chini ya dhamana ya forodha. Weka bei ya dhamana hiyo, na ya siku ambazo lori litalala Tunduma au Kasumbalesa, ndani ya bei ya bidhaa.

Betri za lithiamu zina makaratasi yake. Msafirishaji atataka ripoti ya UN 38.3, majaribio ya usalama wa betri safarini, na karatasi ya usalama ya kiwanda. Kenya, Tanzania na Uganda zinataka cheti cha ukaguzi kabla ya mzigo kusafirishwa, cha KEBS, TBS au UNBS, mashirika yao ya viwango. Nimesimama Namanga na lori la betri ambalo msambazaji wetu aliapa kwamba karatasi zote zipo. Cheti kilikuwepo, lakini modeli iliyoandikwa ilipishana herufi moja na ile ya kwenye boksi. Tulilala pale usiku sita. Tangu hapo, kabla kontena halijafungwa, naomba picha ya kibandiko cha betri yenyewe na picha ya cheti, naziweka pamoja kwenye skrini, nasoma herufi kwa herufi. Ni kazi ya dakika kumi.

Hatua ya 6: Fedha ya kule

Hapa ndipo kampuni nzuri hufia. Novemba 2023 Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa siku moja: dola ikatoka takribani kwacha 1,180 hadi 1,700. Chukua mteja aliyebakiza kwacha 354,000. Jumatano hiyo ilikuwa dola 300, Alhamisi ni dola 208. Mteja hakukosa chochote, analipa kila mwezi kama mlivyoandikiana, na wewe huwezi tena kununua mtambo mwingine kwa fedha yake. Naira ya Nigeria ilifanya hivyo Juni 2023 na ikaendelea kuanguka. Birr ya Ethiopia ikafuata Julai 2024. Shilingi ya Kenya ilifika karibu 160 kwa dola Januari 2024, kisha ikarudi karibu na 130, na waliobadilisha akiba yao kwa hofu ile wakaumia upande wa pili.

Dawa si kutabiri. Kwanza, fupisha mkopo: miezi 6 badala ya 24, kwa malipo ya awali makubwa. Pili, kopa kwa fedha ileile unayokusanya. Mkopo wa dola wenye riba ndogo unavutia, lakini ukikusanya kwacha unacheza kamari. Tatu, tumia fedha ya kule kulekule: mishahara, kodi ya ghala, fremu za chuma kwa mchomeleaji wa mjini. Nne, kabla ya kuingia uliza benki mbili za pale, si kwa simu bali kaunta: nikitaka kutuma dola 10,000 nje kulipa kiwanda, nitasubiri siku ngapi? Burundi, kwa mfano, uhaba wa fedha za kigeni umekuwa wa muda mrefu kiasi cha kuathiri hata upatikanaji wa mafuta. Mauzo yako yanaweza kuwa mazuri huku fedha imekwama benki.

Hatua ya 7: Ruzuku, kwa tahadhari

Januari 2025 marais wa Afrika walikutana Dar es Salaam kwa mpango wa Mission 300 wa Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, unaolenga kuwafikishia umeme watu milioni 300 hadi 2030. Fedha zipo, na sehemu yake huzifikia kampuni binafsi za sola kwa mtindo wa kulipwa baada ya kazi: unafunga, mkaguzi anahakiki, ndipo unalipwa. Kwa kampuni yenye njaa huu unaweza kuwa mtego. Unatumia mtaji wako wote kufunga mitambo 800, uhakiki unachelewa miezi mitano, mafundi wanadai. Omba ruzuku kwa idadi ambayo ungeweza kuifunga hata ruzuku isingekuja mwaka mzima.

Hatua ya 8: Watu

Mlipe wakala kamisheni kwa mafungu: kidogo siku ya kufunga, kingi kadiri mteja anavyolipa. Atawachagua majirani zake kwa uangalifu usiouweza wewe. Fundi mkuu wa kwanza atoke kwako, wengine wote watoke palepale, nao wafunzwe kufungua inveta, si kubadilisha tu. Namba ya huduma iwe laini ya mtandao wa kule, ipokelewe na mtu wa kule.

Hatua ya 9: Andika mwisho kabla ya mwanzo

Weka kikomo: kiasi cha fedha utakachokubali kupoteza na mwezi utakaofunga hesabu. Kiandikwe, kisainiwe na wakurugenzi kabla ya mzigo wa kwanza. Hali hubadilika bila kukuuliza. Goma ilikuwa na mtambo wa sola wa Nuru wa megawati 1.3 tangu 2020, mji unaokua, wateja wanaolipa. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji huo, na benki zikafungwa.

Kuna jambo moja la mwisho la kupanga sasa, wakati bado una nguvu. Mitambo ya lipa mdogo mdogo hujifunga malipo yakikosekana, na hufunguliwa kwa namba kutoka kwenye seva yako. Kampuni ikifa na seva ikazimwa, mtu aliyelipa miezi 22 kati ya 24 anabaki na boksi jeusi ukutani, paneli yake inapigwa jua, na taa haziwaki. Weka kwa mwanasheria, au kwa mwenza wako wa kule, namba za kufungua mitambo yote pamoja na maelekezo ya siku ya kuzitumia. Lipia seva miezi 12 mbele, kwa akaunti ambayo wadai wako hawaigusi. Na mwambie kila wakala, tangu siku ya kwanza, kwamba likitokea la kutokea, wateja wake watafunguliwa.